Wanaozidhuru Nafsi Zao na Haki Yao Juu Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa uhai bila ya sisi kuuomba, akaufanya amana mikononi mwetu mpaka siku atakapoutaka Mwenyewe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, jambo tuliandikalo leo ni zito, nasi tumekaa nalo muda mrefu tukiogopa kulishikia kalamu. Ni jambo ambalo katika miji yetu huzungumzwa kwa kunong'ona na mlango umefungwa, kisha asubuhi kila mtu hujifanya hakulisikia. Nalo ni jambo la Waislamu, wanaume kwa wanawake, na khasa vijana, wanaozidhuru nafsi zao kwa mikono yao wenyewe. Wengine wakafa, na walio wengi zaidi wakapona kwa rehema ya Mola wao.

Lililotufanya tuandike ni hili. Mama mmoja wa mji wetu alitujia darsani baada ya sala ya laasiri, akakaa upande wa wanawake mpaka watu wakatoka, kisha akasema, "Masheikh zetu, nina maneno. Nimeyaweka siku nyingi, na sasa yananichoma." Tukamwambia aseme. Akatukumbusha kwamba mwanawe wa kiume alijiua, na ya kuwa siku ile jamaa zake walikuja kwetu kutaka tumsalie. Sisi tulikuwa hatukusahau. Tulikataa. Tulisema kwamba huyu amekufa katika maasi makubwa, nasi hatuwezi kusimama mbele ya jeneza lake, na tulidhani kwamba kwa kusema hivyo twaitetea Sunna. Kijana akasaliwa na wazee watano na mchimba kaburi. Watu wa mtaa walipoona sisi tumejizuia, nao wakajizuia, nyumba ya msiba haikuingiwa na mtu, wala jirani hakupeleka hata sahani ya wali, ilhali sote twajua kwamba Mtume (s.a.w.), alipokufa Jaafar bin Abi Talib, aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwani msiba ulikuwa umewashughulisha.

Lakini mama yule hakuja kutulaumu kwa hayo. Alikuja kutwambia kwamba mwaka haukupita, binti yake naye akanywa sumu. Wakamkimbiza hospitali usiku. Muuguzi alipouliza limetokea nini, mama akajibu, "Amekunywa kwa makosa, alidhani ni dawa ya kifua." Aliogopa polisi, na aliogopa watu. Basi ndivyo ilivyoandikwa daftarini: amekunywa kwa makosa. Binti akapona mwili, akarudishwa nyumbani siku ya tatu, wala hapana aliyemuuliza habari ya moyo wake, kwani kwa lile lililoandikwa hapakuwa na la kuulizwa. Walipofika nyumbani mama akamwambia, "Mwanangu, mbona hukuniambia?" Binti akajibu, "Ningesema na nani, mama? Si sote tuliona kaka alivyofanyiwa?"

Ndugu zetu, jawabu hilo limetufunga vinywa. Tumemtaka mama yule idhini ya kuyaandika haya bila ya kutaja jina wala mtaa, naye ametoa idhini, na akasema, "Andikeni, asije mwingine akanyamaza kama sisi." Basi haya tunayoyaandika ni nasaha kwa nafsi zetu kwanza, kisha kwa wenzetu.

Twaanza na hukumu, ili asije mtu akatudhania kwamba twaichezea dini. Kujiua ni haramu, tena ni katika madhambi makubwa. Mwenyezi Mungu ametukataza jambo hilo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 29, na Hadithi za Mtume (s.a.w.) zilizopokewa na Bukhari na Muslim zina onyo kali juu yake. Hapana ikhtilafu baina ya wanavyuoni katika hilo, wala sisi hatuna neno la kulipunguza. Lakini tazama, ewe ndugu msomaji, jinsi aya ile inavyomalizika. Baada ya kukataza, Mwenyezi Mungu hakumaliza kwa kutaja Moto katika aya hiyo. Alimaliza kwa kutukumbusha kwamba Yeye ni Mwenye kuturehemu. Katazo limekuja likishikana na rehema. Sisi wa miji hii tumelichukua katazo tukaiacha rehema nje ya mlango. Na mwenye kuchukua nusu ya aya hawezi kusema kwamba ameichukua aya.

Sasa natutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba katika mwaka 2021 peke yake watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua duniani. Katika kila watu mia wa hao, 73 walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Na kwa kila mtu mmoja aliyekufa, shirika hilo lakisia kwamba wako zaidi ya ishirini waliojaribu wakapona. Katika wanaokufa wanaume ni wengi kuliko wanawake, takriban mara mbili; lakini katika nchi nyingi wanawake ndio walio wengi katika wale wanaojidhuru wakaokolewa. Basi asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu, au kwamba ni mambo ya watu wa bara wasiokuwa na dini. Maradhi hayaulizi kabila, wala hayabishi hodi kabla ya kuingia.

Mtu atauliza: je, na sisi wa pwani, ni wangapi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Hisabu yoyote itakayotolewa juu yetu itakuwa ni hisabu ya waliotajwa tu, na sisi ni watu tusiotaja. Binti wa mama yule hayumo katika hisabu. Yeye ni mtu "aliyekunywa kwa makosa". Je, ni wangapi walioandikwa kama yeye? Ni wangapi walioandikwa kwamba wameteleza kisimani, au wameanguka ghorofani, au wamekufa ghafla kwa homa, na jamaa zao wajua yaliyokuwa? Daktari hutibu kile anachoambiwa, na serikali hupanga kwa kile inachoandikiwa. Tukiandika uongo, tusishangae dawa isipotufikia. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nasi twaona kwamba kunyamaza kwetu kumekuwa na mapazia matatu.

Pazia la kwanza lilikuwa sheria. Wakoloni wa Kiingereza walituachia katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 226, kilichosema kwamba mwenye kujaribu kujiua ametenda kosa, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka miwili, au faini, au vyote pamoja. Waingereza wenyewe waliiondoa sheria ya namna hiyo kwao katika mwaka 1961. Sisi tukabaki nayo baada ya uhuru kwa zaidi ya miaka sitini. Mtu akiokolewa katika mauti akiwa na moyo uliovunjika, badala ya kupelekwa kwa daktari huenda akapelekwa mbele ya hakimu. Mnamo tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na wenzao, wakiwamo madaktari wa maradhi ya akili, iliamua kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba, kwani chamwadhibu mtu kwa maradhi yake na chamvunjia heshima yake. Yaliyompata mama yule yalikuwa kabla ya hukumu hiyo, na khofu yake ya polisi ilikuwa na sababu. Ama leo, mahakama imekwisha kuliondoa pazia hilo. Wenye kulishikilia ni sisi.

Pazia la pili ni aibu. Jamaa huogopa kwamba habari ikijulikana, binti hataposwa, na mwana hatapewa mke, na ukoo utatiwa doa. Kwa hivyo mgonjwa hufichwa chumba cha ndani kama bidhaa ya magendo. Na akitajwa daktari wa maradhi ya akili, watu hucheka, kana kwamba kulazwa katika wadi ya wagonjwa wa akili ni tusi. Lau mtu angalivunjika mguu, angalifichwa? Basi na moyo nao huvunjika, tena wauma zaidi.

Pazia la tatu ni ndimi zetu sisi tunaojiita watu wa dini. Hili ndilo zito kuliko yote, kwani sheria huondolewa na mahakama, na aibu huondolewa na siku, lakini neno la sheikh hubaki masikioni mwa watu likidhaniwa kuwa ni neno la Mungu. Tumesimama juu ya mimbari tukasema kwamba mwenye kujiua ni kafiri, na kwamba haoshwi wala hasaliwi wala haombewi. Sasa na tulipime neno hilo kwa mizani ya ilimu.

Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (r.a.), habari ya Tufayl bin Amr wa kabila la Daus. Tufayl alihama kwenda Madina, akahama naye mtu mmoja katika watu wake. Hali ya hewa ya Madina haikumkubali mtu yule, akaugua, na maumivu yakamzidi hata subira ikamshinda, akaijeruhi mikono yake, damu ikamtoka mpaka akafa. Kisha Tufayl akamwona katika ndoto, hali yake ni njema, ila mikono yake ameifunika. Akamuuliza Mola wake amemfanya nini, naye akajibu kwamba amemghufiria kwa sababu ya kuhama kwake kumfuata Mtume. Akamuuliza habari ya mikono, akajibu kwamba ameambiwa: tulichokiharibu wenyewe hatutengenezewi. Tufayl akamhadithia Mtume (s.a.w.). Je, Mtume alisema nini? Alisema kwamba huyo ni kafiri? La. Alisema asitajwe tena? La. Alimwomba Mwenyezi Mungu aighufirie na mikono yake pia.

Mwenye moyo na azingatie. Mtu yule alitenda dhambi, na alama ya dhambi ikaonekana mikononi; hukumu haikufutwa. Lakini Mtume hakuiacha hata mikono ile nje ya dua yake. Imamu Nawawi, ambaye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, ameieleza Hadithi hii kuwa ni hoja ya kwamba mwenye kujiua hatoki katika Uislamu kwa kitendo hicho, na kwamba jambo lake liko katika matakwa ya Mwenyezi Mungu.

Huenda mtu akatwambia: je, haikupokewa katika kitabu hicho hicho cha Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti ya mtu aliyejiua asimsalie? Twajibu: naam, imepokewa kutoka kwa Jabir bin Samura (r.a.), nayo ni sahihi. Wako wanavyuoni walioichukua kwa dhahiri yake, akiwamo Umar bin Abdulaziz na Auzai. Lakini walio wengi, na katika hao wamo Hasan Al-Basri, na Abu Hanifa, na Malik, na Shafii, wamesema kwamba husaliwa, na kwamba Mtume alijizuia yeye mwenyewe ili watu waonyeke. Na wako waliosema kwamba imamu mkubwa ajizuie, na watu wengine wamsalie. Hapana katika hao wote aliyeiamrisha jamii nzima impe mgongo maiti na mamake. Sisi tulichukua kujizuia kwa mmoja tukakufanya kuwa kukimbia kwa wote.

Tena tujiulize hikima. Mtume (s.a.w.) alipojizuia, watu wote walikwisha kuijua huruma yake, masikini aliijua, na yatima aliijua, na mgonjwa wa Kiyahudi aliyetembelewa naye aliijua. Kutoka kwa mtu wa namna hiyo, kujizuia kulikuwa onyo. Kutoka kwetu sisi, ambao watu hawajatuzoea kwa huruma, kulikuwa ni fimbo juu ya kidonda. Alipoonywa ni nani siku ile tuliyokataa? Marehemu hakuonywa, kwani alikwisha kwenda. Aliyeonywa ni dada yake. Naye alionywa asituambie.

Kisha kuna jambo ambalo sisi wenye vitabu hulisahau. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kalamu imeondolewa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, na mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka apate nafuu. Basi ni nani katika sisi aliyeingia katika kichwa cha marehemu akapima akili yake saa ile ilikuwa imebaki kiasi gani? Madaktari watwambia kwamba maradhi ya huzuni kuu, yanayoitwa sonona, yaweza kumtia mtu giza hata akaamini kwamba yeye ni mzigo kwa watu wake, na kwamba wataona raha akitoweka. Na watwambia kwamba wengi wengine hujidhuru ghafla, katika saa moja ya dhiki, baada ya ugomvi au deni au fedheha, na saa ile ikipita salama, huishi miaka mingi. Kuhukumu ni kwa Mwenyezi Mungu. Kwetu ni kumkinga aliye hai.

Wala asidhani mtu kwamba kutamani mauti ni alama ya kukosa imani kila mara. Tumsome Bibi Maryamu (a.s.), katika sura yenye jina lake. Uchungu ulipomfika penye shina la mtende, naye yu peke yake, na aliyaogopa maneno ya watu, alitamani lau angalikufa kabla ya hayo na akasahauliwa kabisa. Huyo ni bora wa wanawake! Na jawabu lililomjia lilikuwa nini? Hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, na tende juu yake, akaambiwa ale na anywe na atulie, na akaambiwa kwamba hatalazimika kujibizana na watu. Tazama utaratibu wa Mola wetu: kwanza sauti ya upole, kisha maji na chakula, kisha kukingwa na ndimi za watu. Huo ndio mlango wa kumtibu mwenye moyo mzito, nao umo katika Kitabu tunachokisoma kila siku. Na Mtume (s.a.w.) ametukataza kutamani mauti kwa dhara iliyotupata, lakini yule ambaye hana budi amemfundisha dua ya kumwachia Mola wake akhitari lililo kheri, uhai au mauti. Hakumfukuza mwenye kutamani. Alimpa la kusema.

Hapa twaingia katika dawa. Wako ndugu zetu ambao kijana akianza kujitenga, halali wala hali, wala hasemi na mtu, humpeleka kwa mganga. Huambiwa ana pepo, au amefanyiwa kijicho, na fedha za nyumba huishia katika ubani na mbuzi mweusi na hirizi, na siku zinapita, na maradhi yanaota mizizi. Sisi tumekwisha kupiga vita mambo hayo kwa kuwa yaharibu tauhidi. Leo twaongeza kwamba yaua watu. Kumsomea mgonjwa Kurani ni sunna, wala hatuikatazi, bali twaihimiza. Lakini Mtume yule yule aliyesoma ndiye aliyeamrisha watu wajitibu, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Na wanavyuoni wetu waliyajua haya zamani. Abu Zayd Al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijria, sawa na 934 wa miladi, aliandika kitabu cha maslaha ya mwili na ya nafsi pamoja, akaeleza kwamba huzuni ziko mbili: ipo ambayo sababu yake yajulikana, na ipo inayomjia mtu bila ya sababu anayoijua, na asili ya hii ya pili imo mwilini. Imepita zaidi ya miaka elfu tangu Mwislamu kuyaandika hayo, nasi bado twamwambia mgonjwa, "Jikaze, huna imani."

Tazameni pia faida ya kusema ukweli na kuuandika. Katika nchi ya Ireland, ambayo nayo ilikuwa na sheria ya kuadhibu jambo hili mpaka mwaka 1993, wameweka daftari la taifa linaloandika kila mtu anayefikishwa hospitali kwa kujidhuru, bila ya kumwaibisha. Kwa kuandika wakajua kwamba walio wengi ni wasichana wa miaka 15 hadi 19, na katika wanaume ni wale wa miaka 20 hadi 24; na wakajua kwamba khatari ya kurudia ni kubwa katika siku na wiki za kwanza baada ya mtu kutoka hospitali. Basi wanajua wakati wa kusimama mlangoni. Na katika Sri Lanka, kisiwa cha wakulima, walipoona katika hisabu zao kwamba watu wengi wanakufa kwa sumu za shambani, serikali ikazipiga marufuku zile kali kabisa, moja baada ya nyingine. Baina ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa kadiri ya sehemu 70 katika mia, na imekisiwa kwamba roho zipatazo 93,000 ziliokolewa, wala mavuno hayakuharibika. Hao hawakuwabadilisha watu wao nyoyo. Waliondoa sumu karibu na mkono katika saa ya dhiki. Na serikali yetu ya Kenya nayo iliandika mpango wa mwaka 2021 hadi 2026, lengo lake likiwa kuvipunguza vifo hivi kwa sehemu kumi katika mia. Lakini mpango wa serikali hauwezi kuingia katika chumba tulichokifunga wenyewe.

Basi hizi ndizo nasaha zetu.

Kwanza, kwa maimamu na masheikh wenzetu. Msaliane. Aliyekufa kwa namna hii aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe katika makaburi ya Waislamu, na jamaa zake watembelewe na wapikiwe kama wafiwa wengine. Wala khutuba isitaje namna alivyokufa, kwani kuisimulia ni kumfundisha mwingine aliye katika dhiki.

Pili, kwa wazazi. Mkiona mtoto amejitenga, amepotewa na usingizi, anagawa vitu vyake, au anasema kwamba afadhali asingalikuwapo, msimkemee wala msicheke. Muulizeni kwa upole, wazi wazi, kama anafikiri kujidhuru. Msiogope kwamba swali litamtia fikira hiyo. Waliolichunguza jambo hili wamekuta kwamba swali la upole halimtii mtu fikira hiyo, bali humpunguzia mzigo. Sikilizeni zaidi ya mnavyosema, wala msimwache peke yake.

Tatu, kwa kila mwenye nyumba na mwenye duka. Sumu za wadudu na za panya, na dawa za hospitali zilizozidi, zifungiwe kwa ufunguo. Na mwenye duka asiiuze sumu kwa mtoto, wala kwa mtu anayemwona amefadhaika.

Nne, mpelekeni mgonjwa hospitali, na mkifika semeni kweli. Semeni, "Amejidhuru, na twaomba moyo wake nao utazamwe." Akitolewa, msidhani kwamba yamekwisha, wiki zile za kwanza ndizo za kukaa naye, na kumrudisha kwa daktari siku aliyoambiwa. Na mwenye dhiki asiyeweza kumwambia mtu wa nyumbani, Msalaba Mwekundu wa Kenya una simu isiyolipiwa, namba 1199. Kuipiga si aibu wala si kupungua kwa tawakkuli. Ni kufunga ngamia kamba kwanza, kisha kutegemea.

Tano, kwa majirani. Sitirini. Kusitiri si kusema uongo kwa daktari. Kusitiri ni kutolipeleka jambo la nyumba ya watu barazani. Tumeyageuza haya mawili: kwa daktari, ambaye ndiye wa kuambiwa, tumeficha, na barazani, ambako ndiko kwa kufichwa, tumetangaza.

Na wewe, ndugu yetu au dada yetu, usomaye haya nawe umeelemewa, twakuambia: hukutoka katika rehema ya Mola wako kwa kuwa umechoka. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Mtume wa Mungu. Na ni yeye aliyewaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Subiri saa hii ipite, na usiipitishe peke yako. Mwamshe mtu. Njoo hata kwetu, saa yoyote. Mlango tuliokufungia zamani tumeufungua.

Tumalizie kwa habari ya tulioanza nao. Binti yule yu hai, alhamdulillahi. Mama yake alimrudisha hospitali, na safari hii akasema kweli. Anatibiwa, na usingizi umemrudia. Nasi, Ijumaa baada ya mama yule kutujia, tulikwenda nyumbani kwao sote wa darsa, tukakaa katika kibaraza kile ambacho siku ya msiba hatukukikanyaga. Tukamtaka radhi mama, na tukamtaka radhi binti. Kisha tukaenda makaburini, tukasimama mbele ya kaburi la kijana ambaye tulikataa kusimama mbele ya jeneza lake, tukamwombea dua iliyochelewa, tukimfuata Mtume wetu katika ile aliyomwombea sahibu wa Tufayl: Ewe Mola, mghufirie mja wako huyu, na mikono yake pia. Na utughufirie sisi, na ndimi zetu pia.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.